Deni Lililo Chini ya Reli

Kila aliyewahi kuhudhuria ugawaji wa mirathi katika miji yetu ya pwani anajua kwamba warithi, hata wawe na haraka kiasi gani, hawashiki mali mpaka kwanza gharama za maziko zimetolewa, kisha madeni ya marehemu yamelipwa, kisha wasia wake umetimizwa katika theluthi. Ndipo kinachobaki huitwa urithi na kugawanywa kwa mafungu yake. Leo, kwa idhini yenu, nataka kuzungumza juu ya marehemu wa namna nyingine, asiyeswaliwa wala kuzikwa, naye ni uwanja wa reli uliokwisha kazi: mahali ambapo kwa miaka hamsini, mia, au zaidi, injini zilitiwa maji na makaa, zikafunguliwa na kufungwa, zikapakwa rangi na kutiwa mafuta, hata siku moja mitambo ikahamishwa, lango likafungwa, na nyasi zikaota baina ya mataruma. Ardhi ya namna hiyo aghalabu huwa katikati ya mji, tambarare, karibu na barabara na soko, na wenye kuitamani ni wengi. Ninalouliza ni hili: nani amehesabu madeni yake?

Tusiwadhulumu waliotutangulia kwa kudhani kwamba walikuwa waovu. Fundi wa zama zile, aliyemwaga chini dawa ya kusafishia vyuma baada ya kumaliza kazi yake, alifanya lile lililofanywa na mafundi wenzake dunia nzima, kwa maana iliaminiwa kwamba udongo humeza kila kitu na kukimaliza. Haukumaliza. Majivu ya makaa yaliyotandazwa kusawazisha ardhi yana arseniki na metali nyinginezo. Rangi za mabehewa na betri zake zilikuwa na madini ya risasi. Matangi ya dizeli na ya mafuta mazito yalivuja polepole pasipo mtu kuona. Maboila yalivikwa asbesto ili yasipoteze joto. Na zile dawa kali za kuyeyusha grisi, ambazo wanakemia huziita trikloroethilini na perkloroethilini, ndizo zenye hila kuliko zote, kwa sababu hazina rangi, harufu yake hupotea upesi, na zikifika penye maji huzama.

Mfano ninaotaka kukaa nao ni wa Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California huko Marekani, uliosimama penye makutano ya mto Sacramento na mto American. Hapo ndipo, mwezi wa Januari mwaka 1863, kampuni ya Central Pacific ilipoanza kujenga reli ya kuelekea mashariki, ile iliyokwenda kukutana na reli ya Union Pacific huko Promontory, katika Utah, tarehe 10 Mei 1869. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa ile ya kupasua milima ya Sierra Nevada, ilifanywa na vibarua kutoka Uchina. Karakana zilizojengwa Sacramento zilikua mpaka zikawa mji ndani ya mji, zenye nyumba za kusubu chuma, za kutengeneza maboila, za kupaka rangi mabehewa, na hata za kuunda injini nzima tangu magurudumu hadi bomba la moshi, na wafanyakazi wake walihesabiwa kwa maelfu. Baadaye mali hiyo yote ikawa ya Southern Pacific, nayo Southern Pacific ikanunuliwa na Union Pacific mwaka 1996, na mwaka 1999 karakana zikafungwa, baada ya umri wa zaidi ya miaka 130.

Kando ya karakana hizo palikuwa na ziwa dogo la maji yaliyotuama, ambalo katika ramani liliandikwa Sutter Lake, na watu wa mji wakaliita China Slough kwa ajili ya Wachina waliokaa ukingoni mwake. Reli ilipotaka nafasi, ziwa likafukiwa kidogo kidogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 lilikwisha kuwa nchi kavu. Mpita njia wa leo haoni dalili yoyote ya maji. Walakini kwa mchunguzi wa udongo ziwa lile halijatoweka hata kidogo, maana ardhi iliyofukiwa haifanani na ardhi iliyoumbwa: ndani yake mna mchanga mlegevu, mna vifusi, mna lolote lililokuwa karibu na mkono wa mwenye kufukia, na maji hupita humo kwa njia ambazo hazilingani na zile za udongo wa asili ulio pembeni yake.

Mwaka 1988 Southern Pacific ilifungamana na serikali ya jimbo kwa mapatano yenye nguvu ya sheria, kwamba uwanja ule wa takriban ekari 240 uchunguzwe na kusafishwa, nao ukagawanywa katika mafungu, kila fungu na hesabu yake, kwa kuwa mahali palipokuwa na nyumba ya rangi hapaulizwi maswali yale yale yanayoulizwa mahali palipokuwa na tangi la mafuta. Udongo ulikutwa na risasi na mabaki ya mafuta. Maji ya chini ya ardhi yalikutwa na viyeyushi, ambavyo havikungoja ruhusa ya mtu, bali vilikuwa vimekwisha vuka mpaka wa uwanja na kuingia chini ya mitaa ya katikati ya mji. Ukuta wa uwanja ulizuia wezi wa vyuma tu. Bahati ya watu wa Sacramento ni kwamba sehemu kubwa ya maji yao ya kunywa hutoka katika mito, si katika visima vya pale mjini. Na bahati hiyo, kama nitakavyoeleza, si kila mji umejaliwa.

Sasa niwaeleze jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani kwamba uchunguzi ni kutoboa shimo, kuchota udongo, na kuupeleka maabara. Kazi huanza mezani, kwa karatasi. Tangu miaka ya 1860 kampuni moja ya Marekani, jina lake Sanborn, ilichora ramani za miji kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto, ikaonyesha kwa rangi na alama kwamba jengo hili ni la matofali na lile ni la mbao, hapa pana tanuri, pale pana stoo ya rangi, na huku nyuma pamewekwa matangi ya mafuta. Waliozichora walichelea moto tu, wala haikuwapitikia kwamba wanawaandikia vitukuu vyao orodha ya mahali pa kutafuta sumu. Lakini ndivyo zinavyotumika leo, na mchunguzi mwerevu huzipanga mwaka juu ya mwaka, akaona jengo lililokuwapo likatoweka, na tangi lililohama likaacha nyuma yake doa lisilohama.

Baada ya karatasi hufuata wazee. Hapana ramani inayoonyesha mahali ambapo watu wa zamu ya usiku walimwaga tindikali ya betri kwa kuwa pipa la taka lilikuwa mbali na mvua inanyesha. Lakini mzee aliyekuwa katika zamu ile anapajua, na aghalabu hufurahi kuulizwa, mradi muulizaji aje kwa adabu, kutafuta elimu, asije na kalamu ya polisi. Mimi naona sehemu hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haina mashine wala haina namba, na wenye kulipia uchunguzi hupenda kulipia mashine.

Ndipo kekee inapopata zamu yake, nayo inataka hadhari kubwa. Dizeli na petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu yake, na mchunguzi akiteremsha kipimo chake kisimani huikuta imetanda, pengine kwa unene wa vidole kadhaa. Viyeyushi na kreosoti ni vizito. Huyapita maji, hushuka katika mchanga na changarawe mpaka vikute tabaka la udongo wa mfinyanzi, na hapo hutandaa, vikifuata mabonde ya tabaka lile kwenda upande ambao huenda ni kinyume cha mwendo wa maji yenyewe. Basi mwenye pupa akatoboa mfinyanzi ule pasipo kuweka kwanza bomba la kinga, huwa ameifungulia sumu mlango wa kwenda chini zaidi, katika maji ambayo yalikuwa salama mpaka siku ile aliyokuja yeye kuyachunguza.

Ili kujua maji ya chini yanakwenda upande gani, vinahitajika visima visivyopungua vitatu, visivyosimama katika mstari mmoja. Hupimwa kimo cha maji katika kila kimoja, na kwa hesabu ya pembetatu hujulikana mteremko, kwani maji hayo hutoka penye kimo kikubwa kwenda penye kimo kidogo, mara nyingi kwa mwendo wa mita chache tu kwa mwaka. Kimo hicho hubadilika kwa masika na kiangazi, kwa hiyo kipimo cha siku moja hakitoshi kutolea hukumu. Tena mteremko wa maji si lazima ufuate mteremko wa ardhi unaoonekana kwa macho. Nyumba iliyo juu kilimani hudhani imesalimika, kumbe sumu inaelekea kwake. Fauka ya hayo, viyeyushi hugeuka mvuke, vikapanda katika nafasi zilizomo udongoni mpaka chini ya sakafu za nyumba, na mtu akavuta pumzi yake usiku akiwa amelala pasipo kunywa hata tone moja la maji ya kisima.

Juu ya chupa na vyeti vyake nitapita upesi. Kila sampuli huwekwa katika barafu na kuandikiwa nani aliyeichota, wapi, kina gani na saa ngapi, na kila mkono unaoipokea hutia saini, maana chupa iliyokaa bila mlinzi haifai kuwa shahidi mbele ya hakimu. Pia huchotwa udongo wa mbali, usioguswa na reli, ili ijulikane ni arseniki kiasi gani iliyomo katika ardhi ya nchi ile kwa asili yake. Lakini liko jambo moja ambalo haliandikwi katika vyeti: nani alichagua mahali pa kuchota? Mwenye kutaka kuuona uwanja ni safi hujua mahali pa kuchimba. Anayekuletea ripoti yenye kurasa mia tatu, mwombe kwanza ukurasa wenye ramani ya mashimo, uulinganishe na ramani ya karakana ya zamani. Kama hapana shimo hata moja lililochimbwa palipokuwa na nyumba ya betri, kurasa zilizobaki hazina haja ya kusomwa.

Southern Pacific ile ile ya Sacramento ilikuwa na kiwanda cha kutibu mbao huko Houston, Texas, karibu na mitaa ya Fifth Ward na Kashmere Gardens, ambako tangu zamani wengi wa wakazi ni Wamarekani weusi. Mataruma ya mbao yaliloweshwa kwa kreosoti, ambayo ni zao la lami ya makaa ya mawe, ili wadudu na kuvu wasiyale, kisha yakaachwa yachuruzike. Na kilichochuruzika kiliingia ardhini. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1984, na pamoja na ununuzi wa 1996 kiwanda kile nacho kikaangukia mikononi mwa Union Pacific. Kreosoti ilikutwa imepita chini ya nyumba za watu. Mwaka 2019 idara ya afya ya jimbo la Texas ilitangaza kwamba katika mitaa ile baadhi ya aina za saratani zilizidi kadiri iliyotarajiwa, na mwaka 2021 ikatangaza vivyo hivyo kuhusu saratani ya damu kwa watoto. Insafu inanilazimu kuongeza kwamba hesabu za namna hiyo huonyesha wingi wa maradhi, hazionyeshi sababu yake, na kampuni imekana kwamba kiwanda kile ndicho kilichowaletea watu ugonjwa. Mwaka 2023 jiji la Houston lilikuja na mpango wa kuwasaidia kuhama wale waliotaka kuhama. Baina ya mwaka 1984 na 2019 ni miaka 35. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kilipofungwa alikwisha kuwa mzazi kabla ya serikali kuwaambia jirani zake hesabu ile.

Labda mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya moshi na makaa, na kwamba treni za umeme hazina aibu hiyo. Huko Paoli, katika Pennsylvania, palikuwa na uwanja wa kutengeneza treni za umeme tangu mwaka 1915, na transfoma zilizofungwa katika mabehewa yake zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, ambayo yalivuja, yakachukuliwa na maji ya mvua mpaka katika bustani za watu na katika vijito, na samaki wa vijito hivyo wakawa hawafai kuliwa. Mwaka 1990 uwanja huo uliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya mahali panapotakiwa kusafishwa kwanza. Mafuta ya namna ile yamekwisha kupigwa marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na treni mpya ya umeme ya Tanzania haimo katika mashtaka haya. Nimelitaja la Paoli ili tusidhani kwamba kitu kikiwa hakitoi moshi hakitoi kingine.

Wamarekani waliingizwa katika bidii hii ya kuchunguza na sheria ya mwaka 1980, iliyopitishwa baada ya msiba wa Love Canal katika jimbo la New York, ambako nyumba na shule zilijengwa juu ya handaki lililojazwa taka za kemikali. Sheria hiyo haimwulizi tu aliyemwaga. Humwuliza pia aliyemiliki ardhi wakati wa kumwaga, na anayeimiliki leo, hata kama hakuwa amezaliwa wakati ule. Mnunuzi ana njia ya kuepukana na deni ikiwa alichunguza vya kutosha kabla ya kununua na akatimiza masharti mengine, na ndiyo sababu matajiri wa huko hawanunui kiwanja cha zamani cha viwanda pasipo kumwita mchunguzi. Hawafanyi hivyo kwa kupenda ndege na samaki. Wanaogopa kurithi madeni, na mimi sioni ubaya katika woga huo. Mahali ambapo mapenzi ya mazingira hayakufika, woga wa deni umefika.

Basi na tuje kwetu. Reli ya kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Ile ya kati ya Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Tuliepushwa na baadhi ya balaa, na tunayepaswa kumshukuru ni mchwa, kwani kwa kumwogopa yeye wajenzi walitumia kwa wingi mataruma ya chuma, na kreosoti ikapungua. Lakini injini zile kubwa za Garratt zilizotoka Manchester katika miaka ya 1950, ambazo moja yake yaweza kuonekana hata leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, ziliendeshwa kwa mafuta mazito, na mafuta mazito hutaka matangi, na matangi yana mabomba, na mabomba yana maungio. Baadaye ikaja dizeli. Sasa reli mpya zimekuja, ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na macho ya wajenzi wa maduka na majumba yanaelekea katika viwanja vya reli ya zamani.

Tuhuma si ushahidi, na uwanja haushtakiwi wala hausafishwi jina pasipo vipimo. Lakini sisi tuna sababu ya kupima kuliko watu wa Sacramento, kwa kuwa wengi wetu katika Mombasa na Dar es Salaam hunywa, hupika na huoga kwa maji ya visima vilivyochimbwa uani. Tena madhara ya risasi hatuyasomi vitabuni tu: watu wa Owino Uhuru, hapo Mombasa, walidhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na Tanzania ina ya mwaka 2004, na zote mbili hudai tathmini kabla ya ujenzi mkubwa. Ila tathmini hizo hutazama zaidi yale ambayo jengo jipya litaifanyia ardhi, kuliko kuuliza yale ambayo ardhi imekwisha kufanyiwa. Diwani au mbunge anayenisikiliza angeweza kudai kwamba kiwanja chochote cha reli kisiuzwe wala kukodishwa mpaka historia yake imeandikwa, visima vya uchunguzi vimechimbwa, na matokeo yamebandikwa ukutani mahali ambapo majirani watayasoma, kwa Kiswahili.

Na ninyi wazee mliofanya kazi katika karakana hizo, tangu zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977 hadi siku za karibuni, nawaomba jambo lililo jepesi. Chukueni daftari, au mwiteni mjukuu aandike: tangi lilisimama wapi na liliondolewa mwaka gani, tindikali ya betri ilimwagwa wapi, shimo la mafuta machafu lilifukiwa upande gani wa shedi, kisima kipi kilifungwa na kwa sababu gani. Choreni na picha, hata ikiwa mkono unatetemeka. Nakala moja ipelekeni katika ofisi ya mazingira iliyo karibu nanyi, iwe Kenya au Tanzania, mkadai mpigiwe muhuri wa kupokelewa. Na nakala ya pili bakini nayo nyumbani.